Barua ya wazi kwa wazazi na vijana wa darasa la nane, Lubumbashi

Wazazi wenzangu, nanyi wanangu,

Nawaandikia kabla hamjachagua tawi la masomo ya sekondari, kwa sababu baada ya hapo mengi yatakuwa yameshaamuliwa. Kijana wa miaka 14 anayepelekwa tawi la biashara kwa kuwa tu shule iko jirani na karo yake ni nafuu, akitamani baadaye kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hukuta hisabati na fizikia zimeshamwacha miaka minne nyuma. Siidharau biashara, naidharau bahati nasibu.

Wengi wetu tukifikiria kazi za migodini tunaona shimo na malori. Lakini shaba nyingi ya Kolwezi na Fungurume husagwa, huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha umeme hupitishwa ndani ya matangi hadi shaba igande kwenye mabamba. Katika safari yote hiyo anatakiwa mtu wa maabara anayepima sampuli mchana na usiku, fundi umeme, fundi wa pampu, mchomeleaji na mpimaji wa ardhi. Wahandisi ni wachache kati yao, ingawa kila mzazi ninayekutana naye anamtaka mwanawe awe mhandisi. Na maabara, wanangu wa kike, haiulizi misuli.

Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, katika mpango ulioitwa wa hiari. Jirani yangu mmoja, aliyejua kusuka mota za umeme, alifungua karakana uani kwake na wateja wakamfuata. Mwingine, aliyezoea makaratasi ya idara moja tu, alikaa miaka mingi akingoja kuitwa tena. Bei ya shaba hupanda na kushuka katika soko la metali la London, nasi hatuulizwi, kwa hiyo chagueni ufundi unaoweza kulisha nyumba hata mgodi ukisimama. Sheria ya mwaka 2017 imezitengea kampuni za Wakongomani kazi ambazo kampuni kubwa, zikiwemo za migodi, huwapa wakandarasi wadogo, lakini karakana isiyo na fundi haitaipata hata moja.

Basi kabla ya kutia sahihi, mwendeeni mkuu wa shule mmuulize kama mwalimu wa fizikia yupo, kama maabara inafunguliwa, na wanafunzi wanashika vifaa kwa mikono yao mara ngapi kwa wiki. Akikuonyesheni mlango wenye kufuli, tafuteni shule nyingine.

Mzee wenu wa Kamalondo