Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Watumia Maji wa Ndiva

Ndugu wanachama, wazee wetu wa mfereji, kina mama mliotoka shambani moja kwa moja, shikamooni na karibuni.

Naanza na ndiva, bwawa letu dogo la kukusanya maji ya mashamba, maana ndiyo iliyotusumbua mwaka huu. Tulipoikausha kabla ya vuli, nilichomeka mpini wa jembe katikati ya tope, ukazama wote. Hapo ndipo nilipojifunzia kuogelea. Msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzoa tope hilo, ukaenda siku nyingi kuliko tulivyopanga, na waliokuja na visingizio tunawajua.

Wapo waliotaka tuinue ukuta wa ndiva kwa saruji. Kamati ilikataa, nami niliunga mkono. Tope halizaliwi ndani ya ndiva. Pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua yake upande wa mashariki. Kilele cha Shengena hapa kwetu Upare, mita 2,462, na msitu wa Chome unaokizunguka hukinga ukungu, na sisi huku magharibi tunaishi kwa kinachochirizika kutoka juu. Kijito chetu ni chembamba. Ukikiacha kitiririke chenyewe, mfereji unakinywa kabla hakijafika shamba la mwisho. Ndiyo maana wazee walikusanya maji ya usiku, asubuhi wakazibua, yakashuka kwa nguvu. Sasa mtu akilima mahindi hadi kwenye ukingo wa mfereji, mvua ya kwanza inatuletea shamba lake ndani ya ndiva. Faini wamelipa wawili tu. Waliobaki ni shemeji zetu.

Nilishuka Makanya, kule tambarare, kuzungumza na wenzetu. Kule huelekeza maji ya mafuriko mashambani, na tope kwao ni mbolea. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwenyekiti, mnalalamikia udongo unaotulisha?" Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo.

Kuhusu zamu: kina mama wamelalamika kwamba wanapangiwa mwishoni, ndiva ikiwa imebaki matope. Ni kweli, nimekagua daftari. Kuanzia masika majina yatazungushwa, na anayefungulia maji hatajipangia zamu mwenyewe.

Ada ya kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani na hesabu nyingine atazisoma mhazini.

Jumamosi tunapanda magugutembo, majani marefu ya kushika udongo, kwenye kingo za mfereji, tukianzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka kijitoni, kushuka chini. Kila kaya ilete jembe na karai. Watoto wasitumwe badala ya baba zao.