Mtoto na bunduki: kumkanya kwa mdomo hakutoshi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi, walimu wa skuli na madrasa, na wakubwa wanaosimamia viwanja vya sikukuu. Kila Idi, kuanzia Mnazi Mmoja, Unguja, hadi Tibirinzi, Pemba, mkono wa Idi (pesa za sikukuu) wa watoto wengi wa kiume huishia kwenye bunduki za plastiki zinazofyatua vipunje. Mabishano yetu ni yale yale: zipigwe marufuku au ziachwe. Kwangu mimi hilo ni la pili. La kwanza ni kwamba kwa siku zote za sikukuu mtoto hukaa na kidole ndani ya triga na mtutu usoni mwa mwenzake, na hapiti mtu mzima akamrekebisha. Mikono inajifunza, na siku ikikutana na bunduki ya kweli haitobagua.

Mwaka 2001 ulichapishwa Marekani utafiti wa wavulana 64 wa umri wa miaka 8 hadi 12, waliogawanywa makundi 29. Waliachwa katika chumba chenye bastola ya kweli isiyo na risasi, imefichwa ndani ya droo, huku wakitazamwa kwa siri. Makundi 21 waliiona. Kati ya hayo, 16 waliishika, na katika 10 alikuwemo aliyevuta triga. Karibu nusu ya wavulana walioiona hawakuwa na hakika kama ni silaha au ni cha kuchezea. Na linalouma zaidi: wengi mno wa walioigusa walikuwa wameshafundishwa kitu fulani kuhusu usalama wa bunduki.

Hapa Tanzania tunalo letu. Novemba 2017, katika skuli ya msingi ya Kihinga wilayani Ngara, wanafunzi watano waliuawa na bomu la mkono lililookotwa kwa kudhaniwa chuma chakavu. Watoto wa Unguja na Pemba nao wanaokota chuma chakavu.

Kwa hiyo somo la mtoto wa miaka minne hadi saba ni maneno manne tu, ambayo Marekani yamekuwa yakifundishwa tangu 1988: simama, usiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Lakini kuyaimba kama kaswida hakumlindi mtu. Watoto wadogo waliopimwa baada ya kuyahifadhi waliyasema vizuri, kisha walipokutana na bunduki wakasahau kila kitu. Waliofanya vyema ni waliofanyishwa kwa vitendo. Chukua bunduki ya kuchezea, mwambie mtoto aihesabu kuwa ya kweli, aikute chini ya mto, arudishe mikono nyuma, atoke chumbani, aje kukwambia. Rudieni mara tano. Baada ya wiki iweke mahali pengine bila kumjulisha, umchungulie. Akiigusa, usimpige, mrejeshe pale pale afanye tena mara tano. Na akija kukwambia, acha unachokifanya umsikilize, maana mtoto aliyekemewa kwa kuleta habari safari ya pili hanyamazi tu, huenda akaificha.

Hakuna zoezi linaloondoa haja ya kufuli. Mwenye silaha yenye kibali aifungie, na risasi azifungie mahali mbali nayo kwa ufunguo mwengine. Juu ya kabati si mahali pa kufichia. Mtoto wa miaka sita anapanda kiti.

Kuanzia miaka minane au tisa, mtoto mtulivu anaweza kufundishwa kuishika. Kanuni ya mwanzo haikutoka ng'ambo. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, na akaamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale ashike vyembe vyake. Mtutu wa bunduki nao hukumu yake ni hiyo hiyo. Mwalimu wa madrasa anaweza kulisomesha hili kabla ya mtu yeyote kuleta bunduki.

Zinazofuata: kidole kinalala pembeni, nje ya triga, mpaka macho yameshika shabaha, jua kilicho nyuma ya shabaha, na kila bunduki ina risasi mpaka wewe mwenyewe uhakikishe. Katika kuhakikisha, wakubwa wengi hukosea mpangilio. Magazini (kisanduku cha risasi) hutolewa kwanza, ndipo bolti (chuma kinachovutwa nyuma) ivutwe, chemba (tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa) itazamwe kisha iguswe kwa kidole kidogo. Ukianza na bolti huku magazini iko ndani, unatoa risasi moja na kuirudisha bolti kunaingiza nyengine. Mtu anaiona moja imeanguka chini, anaamini bunduki ni tupu.

Kwa kulenga, inatosha bunduki ya upepo ya milimita 4.5, ile inayotumika Olimpiki kwa masafa ya mita 10. Hiyo nayo ni silaha: pasipo kibali cha polisi na mahali palipokubaliwa, somo lisianze. Kwa ile ya kukunja mtutu, mkono mmoja ubaki umeukamata mtutu muda wote wa kupakia, kwani ukiponyoka hurudi kwa nguvu ya springi na kuvunja vidole. Wala isifyatuliwe tupu. Bila kipunje, pistoni haina hewa ya kuizuia, hugonga mwisho wa silinda na kuiharibu.

Urefu wa kitako upimwe. Kiweke kwenye kikunjo cha kiwiko cha mtoto. Kidole chake kisipofika kwenye triga kwa raha, bunduki ni ya baba yake, si yake. Ataegemea nyuma kuubeba uzito, na hapo hakuna shabaha. Mlaze kifudifudi juu ya mkeka, bunduki iegemee kiroba cha mchanga, abaki na kazi mbili tu, kulenga na kuminya.

Kabla ya hapo, jua jicho lake linalotawala. Anyooshe mikono miwili, aache kitundu baina ya viganja, aitazame saa ya ukutani kupitia kitundu, kisha airudishe mikono usoni bila kuipoteza saa. Kitundu kitaangukia jicho moja. Likiwa la kushoto, afyatulie bega la kushoto tangu siku ya kwanza, hata kama anaandika kwa kulia. Mkono wa kushoto hapa hauna aibu yoyote.

Vipunje 10 kwa siku vinatosha. Avute pumzi, aitoe nusu, azuie, aminye taratibu. Zikipita sekunde nane hajafyatua, aishushe na aanze upya, kwani jicho limeshachoka. Usitazame kama amepiga katikati, tazama kama vitundu kwenye shabaha vimekaribiana. Vikitawanyika juu na chini, anafyatua huku anapumua.

Nyuma ya shabaha liwepo boksi lililojazwa matambara, na nyuma yake tuta la mchanga. Si ukuta wa mawe, si bati, si gogo. Na wapo wanaoamini kwamba kuelekea baharini ni salama. Risasi ikiyapiga maji kwa mlazo huruka kama kijiwe, na ya bunduki ndogo ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Maji yakitoka, huko kuna kina mama kwenye mwani.

Vipunje vya bunduki ya upepo ni vya madini ya risasi, na hiyo ni sumu kwa mtoto. Visitiwe mdomoni, kusiliwe kitu wakati wa somo, na mikono ioshwe kwa sabuni. Miwani ya kukinga macho avae kila aliyepo, pamoja na mwalimu.

Kwa wasimamizi wa viwanja, pendekezo langu halina gharama kubwa. Tengeni kona moja yenye kamba, mstari wa kusimama, maboksi ya matambara na mkubwa mmoja mwenye filimbi. Bunduki za plastiki zifyatuliwe hapo tu, miwani machoni. Filimbi ikilia, zote chini, mtu asivuke kamba.

Na yeyote aliyepigwa jichoni, hata kama kipunje ni cha plastiki, asisugue wala asikandamizwe. Kateni kitako cha kikombe cha karatasi, kifunike jicho bila kuligusa, mtoto akae kichwa juu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Damu inaweza kuvuja ndani ya jicho huku nje hakuna kidonda.

Mkufunzi mstaafu wa shabaha,
Machomane, Chake Chake, Pemba