Andika jina lako nyuma ya kitambaa

Louisville, Kentucky
Mei

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Neema na watoto wote. Bibi mpe shikamoo yangu, mwambie yale majani ya mchaichai yamefika salama na tunayanywa. Sisi huku hatujambo. Baridi imekwisha, madirisha tumefungua.

Picha za vitambaa vya makochi ulivyodarizi nimeziangalia mpaka simu ikaisha chaji. Yale maua ya mkorosho pembeni yamenishika. Umeniuliza naishije na hii kazi ya viraka, yaani kushona mifarishi, yale mablanketi ya vipande vya vitambaa, na kwenye maonyesho ya Paducah kulikuwaje. Nakujibu yote, halafu nina ombi.

Siku yangu unaijua: natoka ghalani alfajiri, nawaandaa watoto waende shule, nalala mpaka mchana. Kabla basi la shule halijawarudisha, ule muda ni wangu. Cherehani iko jikoni chini ya dirisha, na meza ya chakula ndiyo meza ya kukatia. Ikifika saa ya kupika, kila kitu kinaingia kwenye kapu. Siku nyingine sishoni hata kidogo, napiga pasi tu, maana nusu ya kazi hii ni pasi. Kipande kisiponyooshwa kila baada ya mshono, mfarishi mzima utapinda.

Wewe fundi wa nguo unaacha nafasi ya kutosha kwenye mshono, ili mteja akinenepa gauni lifunguliwe. Huku ni robo inchi, na iwe robo inchi ile ile kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Ukizidisha unene wa uzi mmoja tu kwenye kila mshono, ukifika mshono wa ishirini safu moja imekuwa fupi kuliko jirani yake na pembe hazikutani tena. Uso ukishakamilika unalaza tabaka tatu: mgongo chini, pamba katikati, uso juu. Unapiga bandi ili visihame, ndipo unashona kupenya tabaka zote. Hiyo shona ya mwisho ndiyo inayoufanya mfarishi uwe mfarishi. Bila hiyo, ukifua mara mbili pamba yote imejikusanya upande mmoja.

Mimi naishona kwa mkono, ingawa mashine zipo. Kitambaa nakibana kwenye fremu ya duara, subana, ile kofia ngumu ya kukinga kidole, navaa kidole cha kati, na kidole cha mkono wa kushoto kinakaa chini ya kitambaa kungoja ncha ya sindano. Ncha ikigusa tu, naisukuma irudi juu. Nakusanya mishono mitatu au minne kwenye sindano kabla ya kuvuta uzi. Kidole cha chini kimeota sugu, na ninaipenda, maana ni alama ya kazi yangu mwenyewe.

Sasa hivi nashona wa Baraka, wa vitenge vitupu. Nimefuata muundo ambao wanawake wa Gee's Bend, kijiji kimoja cha Alabama kilichozungukwa na mto pande tatu, wanauita Paa la Nyumba. Unaanza na mraba katikati, unauzungushia ukanda, unazungusha tena, mpaka ufikie ukubwa wa kitanda. Wanawake hao ni wajukuu na vitukuu vya watumwa waliolima pamba palepale. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akazikata nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati yaliyopauka kwa jua, akazishona mfarishi wa kujifunika. Ukiitazama picha yake unaona mahali magoti yalipochakaza kitambaa. Hakuficha. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa kwenye jumba kubwa la sanaa kule Houston, na kila mmoja ulikuwa na jina la aliyeushona. Hilo la jina nitalirudia.

Ijumaa naenda kwa kina mama wa kanisa la Kilutheri hapa karibu. Wengi ni wazee, mmoja ni Mkongomani wa Uvira ambaye Kiswahili chake kinanifurahisha sana. Tunashona mifarishi ya shirika la misaada la Lutheran World Relief, inchi 60 kwa 80, ya kugawiwa watu waliokimbia makwao. Hiyo haishonwi kwa urembo. Tabaka zinafungwa kwa mafundo ya uzi mnene, moja hapa, jingine pale, ili kazi iende haraka. Mifarishi ya namna hii imewahi kufika mpaka Tanzania. Hatuandiki jina la mtu, maana kila mmoja umepita mikono mingi, na naona ni sawa.

Sasa Paducah. Tulikwenda Aprili, wakati wa maonyesho, kina mama wanne kwenye gari moja. Ni mwendo wa saa tatu na nusu kuelekea magharibi, na njiani saa inarudi nyuma, kwa hiyo ukiwahi kuondoka unafika asubuhi bado mbichi. Ni mji mdogo pale Mto Tennessee unapoingia Mto Ohio, watu hawafiki 30,000, na una ukuta mrefu wa kuzuia mafuriko uliochorwa historia yake yote. Tangu 1985 washonaji hukusanyika hapo, na mwaka 1991 likafunguliwa jumba la makumbusho la mifarishi tu. Wiki ya maonyesho wageni wanajaa mpaka makanisa yanapika chakula cha kuwauzia.

Ndani ya ukumbi hauruhusiwi kugusa. Lakini kuna kina mama wanaojitolea, wamevaa glavu nyeupe, na ukimwomba mmoja atakuinulia pembe uone mgongo. Nilisimama mbele ya mfarishi mmoja wa buluu na nyeupe, nikamwomba mama wa glavu. Akainua. Mama Neema, ule mgongo! Mishono imejipanga kama mistari ya daftari, hakuna fundo hata moja linaloonekana, na pembeni chini kuna kijikaratasi cha kitambaa: jina, mji, mwaka. Yule mama akaniambia yeye huanza kusoma hapo kabla hajatazama rangi. Tangu siku hiyo na mimi nafanya hivyo.

Maana mifarishi mingi ya zamani haina jina. Hapa Kentucky mwaka 1981 wanawake wachache walianza mradi wa kuzunguka jimbo zima, wakiwaomba watu walete mifarishi ya bibi zao ipigwe picha na kuandikwa. Majimbo mengine yakafuata. Watu walikuja na vitu vizuri mno vilivyokuwa vimekunjwa kabatini, na mara nyingi ukiuliza nani alishona, jibu ni bibi upande wa baba, au jirani wa zamani, basi. Mtu amekaa majira mawili ya baridi anashona, halafu hata jina hana. Hilo linaniuma kweli.

Tena mfikirie Harriet Powers. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Akashona mfarishi wa visa vya Biblia kwenye vipande kumi na kimoja, kama Adamu na Hawa na Karamu ya Mwisho, akaupeleka kwenye maonyesho ya pamba ya mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akautaka, yeye akakataa kuuza. Miaka ikapita, hali ikawa ngumu, akauza kwa dola tano ingawa aliomba kumi. Baadaye alikuwa akienda nyumbani kwa yule mwalimu kuuangalia tu. Leo uko Washington, kwenye makumbusho ya taifa. Tunajua kila picha ina maana gani kwa sababu Harriet alieleza mwenyewe na Jennie akaandika. Angenyamaza mmoja wao, leo tungekuwa tunabahatisha.

Kwa hiyo nakusihi: hivyo vitambaa vya makochi, kila kimoja andika nyuma. Chukua kipande kidogo cha pamba nyeupe, darizi au tumia kalamu ya wino usiotoka, piga pasi ya moto ushike, kunja kingo, ushone pembe ya chini. Weka jina lako kamili, la ubatizo na la ukoo. Mama Neema ni jina letu la mtaani, mjukuu wa mteja wako hatajua ni nani. Chini yake andika Tanga na mwaka. Kama ni cha harusi, andika ni harusi ya nani. Mteja akisema hataki, mwambie ni nyuma, hakionekani, na bei haipandi. Nakujua utasema wewe ni fundi tu wa kibarazani. Hapana. Nimeona kazi za Paducah zenye zawadi, na maua yako ya mkorosho yangekaa pale bila wasiwasi.

Ombi langu ndilo hili. Yale mabaki ya vitenge chini ya meza yako usiyatupe. Chochote kipana kuliko kiganja kinanifaa, na hasa natafuta ya kijani na manjano, maana dukani huku nyingi ni buluu na waridi. Usifue, nitafua mimi, kwani vyekundu lazima nivijaribu kwanza: nalowesha, nakisugua kwenye shuka jeupe, kikiacha rangi nakitenga. Kama una kanga iliyochanika niongezee, ila upande wenye jina usiukate. Nataka niuweke mzima kwenye mgongo wa mfarishi wa Baraka, juu ya jina langu.

Shemeji anakuja likizo Julai na ameahidi kuacha nafasi kwenye begi lake. Mpigie wiki moja kabla hajaondoka, maana akifika Dar hapatikani.

Wako,
Mama Baraka