Risala ya wanafunzi wa ufundi mitambo kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho ya karakana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako na kuja kutushika mkono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, juu ya meza iliyo mbele yako tumeweka bamba la alumini lenye mshono katikati. Mshono huo haukupitiwa na moto wala waya wa kuchomelea. Tulifunga pini fupi ya chuma kigumu, yenye bega pana, kwenye mashine ya milingi, yaani ya kuchonga metali kwa kisu kinachozunguka, tukaizamisha kwenye maungio huku ikizunguka, kisha meza ya mashine ikasogea taratibu. Msuguano ulitoa joto, alumini ikalainika, pini ikazikoroga pande mbili hadi zikashikana. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na kazi hii hufanyika kwenye nyuzi 400 hadi 500 hivi. Metali ikizidi kulainika, msuguano nao hutoa joto dogo zaidi, ndiyo maana haifiki kuyeyuka. Njia hii, iitwayo kwa Kiingereza friction stir welding, ilibuniwa mwaka 1991 na Wayne Thomas na wenzake katika TWI, taasisi ya utafiti wa uchomeleaji, karibu na Cambridge, Uingereza. Leo hutumika kuunga matangi ya roketi na mabehewa ya treni.

Tunaomba upitishe ukucha juu ya mshono. Utahisi mistari midogo ya nusu duara, mmoja nyuma ya mwingine. Kila mstari ni mzunguko mmoja wa pini. Pini ikizunguka mara 1000 kwa dakika na meza ikisogea milimita 100 kwa dakika, nafasi kati ya mstari na mstari ni sehemu moja ya kumi ya milimita.

Yaliyo ndani ndiyo yanayotusisimua zaidi. Katika bamba la pili tuliweka ukanda mwembamba wa shaba nyekundu kwenye maungio kabla ya kuyaunga. Pini ilipokwisha kupita tulilikata bamba, tukalipiga msasa mpaka ule laini kabisa, tukalipaka kostiki, dawa kali inayokula alumini. Shaba haikubaki mstari. Imekatika vipande, vingine vimezungushwa na kuachwa nyuma ya pini, vingine vimesukumwa chini. Njia iliyopitwa na metali inaonekana kwa macho.

Metali ni mkusanyiko wa chembe, na kila chembe ni fuwele yenye atomu zilizopangwa matabaka. Ukiikunja ikiwa baridi, matabaka huteleza hadi yakakwamana. Metali inakuwa ngumu na mwishowe inapasuka. Katika joto la msuguano mtelezo ni mkubwa mno, lakini chembe zilizochoka hugawanyika na nyingine mpya kuzaliwa humo humo, kazi ikiendelea. Chembe za makumi ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huishia kuwa za mikromita chache. Hata hivyo, si kila kitu ni faida: kwa alumini zilizokazwa kwa joto, kama aloi iitwayo 6061, ukanda ulio kando ya mshono hupungua ugumu, na kipande kikivutwa mara nyingi hukatikia hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kanuni hiyo hiyo hutumika kutengeneza waya. Kinu cha tambi husukuma tu unga utokee matunduni. Katika njia hii kalibu lenye tundu huzunguka likiwa limegandamiza alumini iliyofungiwa ndani ya silinda. Metali husokotwa chini ya uso wa kalibu, huvutwa kuelekea katikati, hutoka ikiwa waya. Maabara ya Taifa ya Pacific Northwest, nchini Marekani, wametumia njia ya aina hii kutoa mirija ya magnesiamu, metali ambayo fuwele zake zina njia chache za kuteleza na husumbua sana kwenye usukumaji wa kawaida.

Jambo hili linatuhusu. Chini ya mashine zetu za kukerezea hujaa makapi ya alumini. Kwa kuwa ni membamba, ukiyayeyusha sehemu yake isiyo ndogo huungua na kuwa taka. Kwa msuguano, makapi hugandamizwa, utando wa oksidi unaoyafunika huvunjika, yakashikana na kutoka waya bila kupita kwenye tanuru. Tunataka kulifanya hilo hapa hapa.

Changamoto yetu kubwa ni kwamba tunaweza kutengeneza lakini hatuwezi kuona. Hatuna hadubini ya metali wala mashine ya kung'arisha vipande; ukubwa wa chembe tunausoma vitabuni. Joto la kwenye mshono tunalikadiria, kwa kukosa vipimajoto vya waya. Na mashine ya milingi tuliyonayo ni ya mafunzo: nguvu ya kugandamiza inaumiza beringi zake, hivyo tunaishia kwenye mabamba membamba.

Tunaomba utusaidie kupata hadubini kwanza. Presi ya kusukumia waya inaweza kusubiri. Silinda na kalibu tutazikereza wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.