Wanangu wazazi, simulieni hadithi nzima

Kwa wazazi vijana wa jumuiya yetu ya Kihindu, Dar es Salaam.

Jai Shri Krishna, wanangu.

Juzi nilimsikia baba mmoja akimsimulia mwanawe habari za Sudama. Dakika mbili hazikufika: "Basi, nawe usiwasahau marafiki zako." Mtoto akainuka akaenda zake, hata swali moja hakuuliza. Roho iliniuma.

Sudama hasimuliwi hivyo. Mtoto na amwone maskini yule akitoka Porbandar kwenda Dwarka na pepeta kidogo kwenye tambara, maana mkewe hakutaka aende mikono mitupu. Amwone mbele ya Krishna, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni mtawala, analificha furushi lake kwa haya. Krishna analivuta, anaitafuna pepeta ile kwa furaha. Na Sudama anaaga bila kuomba chochote. Hapo nyamazeni kidogo. Mwacheni mtoto ajiulize kwa nini hakuomba, ndipo mumweleze alichokikuta nyumbani kwake: kibanda chake kimegeuka kasri.

Wala msizikwepe zilizo ngumu. Yudhishthira, yule mwana wa mfalme wa utenzi wa Mahabharata, alikuwa mkweli hata gari lake la vita likaelea vidole vinne juu ya ardhi. Vitani Kurukshetra, Drona, mwalimu wake wa zamani aliyekuwa sasa upande wa adui, akamwuliza kama ni kweli mwanawe Ashwatthama ameuawa. Kumbe Bhima, nduguye Yudhishthira, alikuwa ameua tembo mwenye jina hilo, makusudi, ili Drona adanganyike aweke silaha chini. Yudhishthira akajibu, "Ashwatthama amekufa," kisha akanong'ona, "tembo." Gari likashuka likagusa ardhi.

Mjukuu wangu wa miaka tisa, aniitaye Ba, yaani bibi, alikaa kimya, halafu akasema, "Lakini Ba, si alisema kweli?" Sikumjibu. Siku ya tatu alinifuata jikoni mwenyewe: aliposema mwalimu hakutoa kazi ya nyumbani, alikuwa na maana ya mwalimu wa hesabu tu. Kama ningemwambia usiku ule kwamba uongo ni mbaya, sidhani kama angekuja.

Wengine mnaniambia Kigujarati kimewapotea. Simulieni kwa Kiswahili, hakuna dhambi. Kisa cha kima na papa walichonacho majirani zetu Waswahili, chenye punda wa dobi ndani yake, ni kilekile cha Panchatantra, mkusanyo wetu wa hadithi za kale za India, ila kule badala ya papa ni mamba.

Na anayeona hawezi kuanza, aniletee watoto Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Lakini naye akae asikilize.

Ba wenu,
Upanga