Miti ya Kakuma inakufa kwa kukosa mshahara

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme juu ya miti ya huku kwetu Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, maana kila wingu likionekana tu tunaletewa miche, watu wanavaa tisheti mpya, wanapiga picha, wanapanda gari wanaenda. Karibu na duka langu walipanda mingi tu mwaka juzi, kila mche ukazungushiwa gunia na vijiti, na bango kubwa la bati likasimamishwa la kutaja nani amelipa. Saa hii ukichungulia ndani ya yale magunia ni kijiti kikavu na mavi ya mbuzi, lakini bango liko salama kabisa na mchana mbuzi wenyewe wanalala kwa kivuli chake.

Watu wanasema ni jua la Turkana, ati hapa hakuoti kitu. Kuna hata wageni wameandika ati Kakuma ni neno la Kiswahili maana yake "hakuna mahali", sasa sijui hicho Kiswahili walifunzwa na nani. Jua lipo sikatai, lakini mbele ya duka langu kuna mwarobaini, na saa saba mchana chini yake utamkuta mzee wa Kiturkana anangoja gari ya Lodwar, mama wa Sudan Kusini na watoto wake, vijana wawili wa boda wa Kikongo wanabishana mpira, na mimi na kiti changu, kivuli kikisogea sote tunasogea nacho. Huo mti uliota kwa sababu kulikuwa na kijana nampa kitu kidogo aumwagie nusu jerikeni kila jioni mpaka mizizi ikashuka. Hakuna siri ingine. Ile ya bango haikuwa na mtu wake.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na 13 Novemba 2023 tulipewa mpaka sikukuu tukapande. Sawa, lakini tarehe 14 nani alishika jerikeni? Mimi naomba hizo pesa za bango na magari na tisheti ziwe mishahara ya vijana, miaka miwili ama mitatu hivi, nusu wenyeji nusu wakimbizi, watengeneze bustani za kila mtu, maana sahizi kijani cha maana unakiona ndani ya ua za maofisi na hapo getini kuna askari. Wakati wa korona ule mpango wa serikali wa Kazi Mtaani ulifika mahali unalipa vijana shilingi 455 kwa siku kuzibua mitaro, kwa hivyo tusiambiwe ati kulipa vijana kwa kazi ya mkono hakuwezekani.

Na kazi iko, sio kumwaga maji tu. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka nje, imejaa ukingo wa mto Tarach mpaka njia haionekani, mwiba wake unatoboa tairi ya pikipiki, na ukiikata bila kung'oa kisiki inachipua tena nyingi kuliko ya kwanza. Hiyo peke yake ni kazi ya miezi, halafu ile inayong'olewa ni kuni na makaa, na kuni ndio zimegombanisha wenyeji na wakimbizi huku miaka mingi, kambi ni ya tangu 1992 jamani. Kisha wachimbe makinga ya maji ya umbo la nusu mwezi, kwa sababu mvua yetu ikija inakuja yote mara moja na kukimbilia laga, yaani mto mkavu, udongo unabaki na kiu. Na pale kwa mabomba ya jumuiya maji yanamwagika bure siku nzima, si hapo ndio mahali pa kuanzia? Kalobeyei, makazi ya wakimbizi hapa jirani, kuna akina mama wa Kirundi wanakuza mboga ndani ya gunia na maji ya kuoshea vyombo. Hao wawe masupavaiza, wasiitwe semina kufundishwa.

Ila mkianza muanze na wazee. Kwa Waturkana miti ya kando ya mto ina wenyewe, wanaita ekwar, ule mti mgeni anaona uko porini tu una familia inayolishia mbuzi wakati wa kiangazi. Waulizeni pia mpande nini, watawatajia ewoi na edome, miti ya huku huku, ambazo zinajua hii joto, sio maua ya kutoka nasari za Nairobi.

La mwisho ni la malipo na najua halipendwi. Huku mkimbizi akiajiriwa na shirika anapewa "insentivu", Mkenya wa kazi ile ile anapewa mshahara, na tofauti sio ndogo. Kwa bustani msilete hiyo. Watu wawili wako kwa shimo moja na sururu moja, huyu akijua mwenzake anabeba mara tatu yake, hilo shimo litachimbwa kweli? Tena chakula cha msaada kimekatwa, kwa hivyo hiyo ya siku ndio unga wa jioni. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imeshafungua mlango wa kazi, na tunaambiwa sasa sisi ni manispaa, basi hao wa manispaa watujibu.

Mbegu mimi ninazo. Huu mwarobaini unaziangusha kila msimu na huwa nazifagia nazitupa, anayezitaka aje na gunia.

Mwenye duka,
Kakuma, Turkana Magharibi