Wauza korosho, wekeni bei kwenye video zenu

Mhariri,

Kila msimu wa korosho ukikaribia, simu za watu wa Mtwara na Lindi hujaa matangazo ya aina moja: picha ya korosho iliyonyofolewa mtandaoni, wimbo unaovuma, na chini yake "bei njoo inboksi". Haupiti muda mwenye akaunti anaanza kulalamika kwamba mtandao haulipi. Sisi tunaopiga na kuhariri video za wafanyabiashara wadogo hapa Mtwara Mjini tunaomba nafasi tueleze kwa nini haulipi, maana semina nyingi za "kujenga jina" huishia kwenye hamasa, na mtu anarudi nyumbani bila kujua hata simu aielekeze wapi.

Mnunuzi wa Dar es Salaam au Dodoma hakujui, na hofu yake kubwa ni kutapeliwa. Nchi hii imeshachoshwa na "ile hela tuma kwenye namba hii". Bei iliyofichwa inamtia wasiwasi kabla hujasema neno. Andika wazi: kilo moja, nzima, haijakaangwa, shilingi kadhaa, nipo Masasi, natuma kwa basi. Bei ikipanda kesho, weka mpya kesho.

Halafu onyesha unachokijua. Mbangua korosho anayajua mengi ambayo mlaji hajawahi kuambiwa. Chukua madaraja ya punje tu. W240 na W320 ni hesabu ya punje nzima katika ratili moja, yaani gramu 454: W320 ni punje 300 hadi 320, W240 ni 220 hadi 240. Namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa. Weka mizani mbele ya kamera, pima uzito huohuo wa kila daraja, zitandaze kwenye sinia mbili zikionekana pamoja. Kisha vunja punje moja karibu na maiki. Iliyokauka vizuri inakatika kwa mlio, iliyoingiwa na unyevu inapinda kwanza. Sekunde 40 zinatosha kwa yote hayo, na aliyetazama atakukumbuka wewe kwa sababu ndiye uliyemfundisha namna ya kutopunjwa.

Mchonga vinyago naye anayo yake. Mteja anaogopa kuuziwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Tumbukiza kipande cha mpingo kwenye ndoo ya maji: moyo wake mweusi unazama. Onyesha gogo lililokatwa, ile sehemu ya nje iliyopauka na weusi wa ndani. Picha ya kinyago kilichomalizika peke yake hata wauzaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, wanayo.

Kwa kupiga, simu ya kawaida yatosha. Futa kioo cha kamera kwanza, kwa kuwa vidole vyenye mafuta huacha ukungu juu yake. Shika simu wima, kwenye mipangilio ya kamera chagua ubora wa 1080p na fremu 30 kwa sekunde. Ule mkubwa zaidi, 4K, unajaza simu na kumaliza bando bure. Jua la saa sita hapa pwani linaweka kivuli cheusi machoni. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kaa barazani uso ukielekea kwenye mwanga. Ukiupa mlango mgongo, uso wako utakuwa giza.

Kinachoharibu video nyingi za huku kwetu, hata hivyo, ni sauti. Kusi likivuma pale Feri husikii muuza samaki anasema nini. Maiki ya simu nyingi iko chini, jirani na tundu la chaja, na wapigaji huiziba kwa kiganja. Dawa isiyo na gharama ni simu ya pili: iwashe inase sauti, iwe mfukoni mwa shati la anayeongea, naye aupe upepo mgongo. Piga kofi moja mwanzoni. Wakati wa kuhariri, linganisha kofi la kwenye picha na la kwenye sauti, kisha zima sauti ya kamera. Na ongea Kiswahili chako cha kusini, jamani. Ukiiga mtangazaji wa Dar utafanana na kila mtu.

Anza na punje ikivunjika, salamu zifuate. Mtazamaji huamua kubaki au kupita katika sekunde chache za mwanzo. Maneno ya kwenye skrini yakae katikati, kwani chini hufunikwa na jina la akaunti na kulia kuna vitufe. Ukihamisha video kutoka TikTok kwenda Instagram, tumia nakala isiyo na nembo: tangu 2021 Instagram ilisema video zenye nembo ya programu nyingine haitazisambaza sana. Usiichukue pia kutoka WhatsApp, huko imeshabanwa na kupoteza ung'avu.

Kuhusu WhatsApp, stetasi yako inaonwa na aliyehifadhi namba yako, nawe ukahifadhi yake, hivyo kila anayenunua mwombe aihifadhi, nawe hifadhi yake. Linki ya kumleta mteja huandikwa wa.me/255 ikifuatiwa na tarakimu tisa, bila alama ya kujumlisha wala ile sifuri ya mwanzo. Tumeona kurasa nyingi ambazo linki yake haifunguki kwa sababu ya sifuri hiyo tu. Lipa namba nayo isajiliwe kwa jina lilelile lililo kwenye ukurasa; mteja akiona jina jingine wakati wa kulipa, anasitisha muamala. Wale wanaobandika picha za jumbe za malipo ili kuonyesha wana wateja waache, au angalau wafute majina na namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na mteja hakukuruhusu.

Wafuasi wa kununua hatuna la kusema juu yao, isipokuwa hawali korosho.

Tunawaomba maofisa wa halmashauri wanaofundisha vikundi vya mikopo watenge saa moja kwa jambo hili: akaunti ifunguliwe kwa barua pepe na laini ya mwenye biashara, siyo ya kijana wa kibanda cha simu aliyemsaidia. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na kuuzwa kwa mwingine, na akaunti inaweza kwenda nayo. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe siku hiyohiyo, na zile namba za dharura za kurudishia akaunti ziandikwe kwenye daftari la mauzo.

Wapiga video wa biashara ndogo,
Shangani, Mtwara